Mtoto Wako Akikuambia Kuwa Ni Transjenda: Mwongozo Kamili kwa Familia

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mzazi au mlezi aliyeko Kenya ambaye mtoto wake amemwambia kuwa ni transjenda, yaani anajijua kuwa wa jinsia tofauti na ile aliyoandikiwa alipozaliwa. Nimeilenga Kenya kwa sababu huko ndiko ninakojua shule, sheria na mila zinavyomfikia mtoto. Kwa walioko Tanzania, Uganda au ughaibuni nimeweka sehemu yao kuelekea mwisho. Wazazi wengi wakianza kulizungumzia jambo hili huuliza, "Je, ni kweli yuko hivyo?" Naomba uliweke kando swali hilo kwa sasa. Kazi yako ya kwanza ni kuhakikisha mtoto huyu anabaki hai, anabaki nyumbani, anabaki shuleni, na anaendelea kuongea nawe. Hayo manne yakishika, mengine yote yana muda.

Na sisemi hivyo kwa huruma tu. Huko Ontario, Kanada, utafiti wa Trans Pulse uliwauliza vijana transjenda wa miaka 16 hadi 24 kuhusu wazazi wao. Kwa mujibu wa ripoti yake ya mwaka 2012, miongoni mwa waliosema wazazi wao wanawaunga mkono kwa dhati, asilimia 4 walikuwa wamejaribu kujiua katika mwaka uliotangulia. Miongoni mwa wasiokuwa na wazazi wa namna hiyo, walikuwa asilimia 57. Kanada si Kenya, lakini moyo wa mtoto anayekataliwa na mamake hauna pasipoti.

Hatua ya 1: Siku anapokuambia

Mpaka akufikie, mtoto amelibeba jambo hili kwa muda mrefu. Amekuwa akikusikiliza: ulisema nini taarifa fulani ilipotokea kwenye runinga, ulicheka nini na majirani, ulimwitaje yule mtu wa sokoni. Kwa hiyo akiongea ana hofu, na kitu atakachokikumbuka miaka mingi ni sentensi zako mbili tatu za mwanzo.

Huhitaji kuwa na majibu. Unaweza kusema: "Asante kwa kuniambia. Wewe ni mwanangu. Sijaelewa yote, lakini hutapigwa wala hutafukuzwa hapa." Kisha muulize mambo haya, polepole, na umwache anyamaze akitaka:

- Amekuwa akijisikia hivi tangu lini, na nini kinamuumiza zaidi sasa hivi?
- Nani mwingine anajua, na kuna anayemtisha au kumdhihaki?
- Angependa nini kibadilike wiki hii, na nini kisiguswe kwanza?

Swali la pili ni la usalama, kwa hiyo sauti yako isiwe ya upelelezi. Epuka "Nani amekufundisha haya?", "Utamuua bibi yako kwa presha" na "Ni mtandao huo." Hata kama huna nia mbaya, mtoto husikia kwamba yeye ndiye ugonjwa wa nyumba.

Wengine hawaambiwi, wanagundua: ujumbe kwenye simu, nguo chini ya godoro, mwalimu amepiga simu. Hapo usimvamie mbele ya watu. Ngoja mpate faragha, mwambie ulichokiona bila kuficha umekionaje, na umhakikishie kwanza kwamba bado ana kwao. Kama hasira ilikushinda ukamtukana au kumpiga, rudi umwombe msamaha mapema, wiki hiyohiyo. Mzazi kuomba msamaha si jambo tulilolizoea, najua. Lakini kimya cha mwezi mzima kinaweza kumsukuma mtoto nje ya nyumba.

Hatua ya 2: Elewa unachokishughulikia

Mtoto transjenda ni yule anayejijua ndani yake kuwa wa jinsia tofauti na ile aliyoandikiwa alipozaliwa. Hili si sawa na kuwa huntha. Huntha, au mtu mwenye jinsia mbili, ni yule ambaye maumbile yake ya mwili hayakufuata moja kwa moja mpangilio wa kike au wa kiume. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu kwa mara ya kwanza, ikapata watu 1,524, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inawatambua watoto hao. Wala si sawa na ushoga, ambao unahusu mtu anampenda nani. Familia ikichanganya hayo matatu humkimbiza mtoto kwa daktari asiye wake na kumuuliza maswali yanayomwaibisha bure.

Shirika la Afya Duniani lililitoa suala hili kwenye orodha ya magonjwa ya akili. Toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, linaliweka chini ya hali zinazohusu afya ya ujinsia. Wasiwasi na huzuni ambavyo watoto hawa wengi wanavyo vina chanzo kikubwa katika kukejeliwa, kupigwa na kujificha.

Mvulana wa miaka minne anayejifunga leso ya mamake anacheza. Msichana anayependa mpira na kuchukia magauni huenda akabaki msichana maisha yake yote. Cha kuangalia ni uzito na muda: mtoto anayesema mwaka baada ya mwaka, bila kuyumba, kwamba yeye ni wa jinsia nyingine, na ambaye mwili wake wenyewe unamletea uchungu, hasa balehe inapoanza. Wengine hutambua wakiwa wadogo, wengine wakiwa kidato cha pili. Wapo watakaojielewa kwa namna nyingine baadaye. Hulazimiki kutabiri. Mtoto uliyemsikiliza kwa heshima hapotezi chochote hata kama mambo yatabadilika.

Hatua ya 3: Anzia ndani ya nyumba

Mabadiliko ya kwanza hayagharimu fedha na yote yanaweza kurudishwa: jina, nguo, nywele, namna ya kumwita.

Jina ndilo gumu zaidi kwa familia nyingi, kwa sababu katika jamii zetu mtoto hupewa jina la babu au nyanya, na kuliacha huonekana kama kumzika mzee mara ya pili. Njia niliyoona ikifaa ni kuanza na jina la nyumbani. Karibu kila boma lina watoto wanaoitwa majina yasiyo kwenye cheti cha kuzaliwa, na hakuna anayeuliza. Amani, Imani na Furaha ni majina yanayobebwa na wote. Jina la babu au nyanya linaweza kubaki kwenye karatasi huku mtoto akiitwa nyumbani jina analolipenda. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani waliofuatilia vijana transjenda 129 waliona kuwa kadiri jina walilochagua lilivyotumika mahali pengi zaidi, nyumbani, shuleni, kazini na kwa marafiki, ndivyo huzuni na mawazo ya kujiua vilivyopungua.

Kiswahili kinatusaidia, kwa kuwa "yeye" ni mmoja kwa wote. Jinsia imekaa kwenye namna tunavyoitana: kaka, dada, binti yangu, kijana wangu, na "baba" au "mama" tunavyowaita watoto waliorithi majina ya wazee. Muulize mtoto lipi linamchoma. "Mwanangu" na "mdogo wangu" havina shida na mtu. Utajikwaa, ukikosea, jirekebishe kwa neno moja na uendelee na mazungumzo. Kujieleza kwa dakika tano kunamlazimisha yeye akufariji wewe.

Nguo na nywele zianze pale penye usalama. Kuna mtoto anayevaa anachotaka chumbani kwake na ndani ya ua, na akitoka anavaa kitu kisichovuta macho: suruali, fulana, kofia. Mweleze wazi kwamba tahadhari hiyo ni kwa sababu ya watu wa nje, na kwamba wewe humwonei haya. Tofauti hii ni kubwa sana. Mtoto anayefichwa kwa aibu na mtoto anayelindwa wanaweza kuvaa nguo zilezile, lakini hawalali usingizi mmoja. Mruhusu pia aseme iwapo ulinzi umegeuka kuwa kifungo.

Usisahau kazi za nyumbani. Kama wavulana wako hawaoshi vyombo na jiko la mkaa ni la wasichana tu, huyu atakumbushwa jinsia yake kila jioni. Gawa kazi kwa zamu.

Hatua ya 4: Mwenzako, ndugu na ukoo

Wazazi wawili mara chache hufika mahali pamoja kwa siku moja. Msibishane mbele ya mtoto. Kaeni wenyewe na mkubaliane juu ya mambo manne tu kwa kuanzia: hakuna kupiga, hakuna kufukuza, hakuna kumpeleka popote "akarekebishwe", na karo italipwa. Mzazi ambaye bado ana shaka anaweza kuyakubali haya bila kubadili imani yake yoyote, na mtoto akijua yapo, hupumua.

Kuhusu ukoo, kanuni ni moja: hakuna anayeambiwa bila idhini ya mtoto. Kikundi cha WhatsApp cha familia si mahali pa kuomba ushauri. Picha moja ikitoka humo hairudi. Chagueni pamoja mtu mmoja ambaye neno lake lina uzito na kinywa chake kina kufuli. Shangazi au mjomba wa namna hiyo anaweza kuzima baraza zima la wazee kabla halijaitishwa. Fikirieni pia nguvu ya pesa. Kama mjomba ndiye mlipa karo, hakikisheni mna njia nyingine kabla hajajua. Na ndugu zake wadogo waambieni kwa lugha ya umri wao: "Nyumbani tunamwita Imani, na mambo ya nyumbani hatuyapeleki shuleni." Watoto hushika siri vizuri wakielezwa sababu.

Hatua ya 5: Dini, maombi na "tiba"

Sikuombi uache imani yako. Wazazi wengi ninaowaheshimu wamelibeba jambo hili kwa swala na kwa rozari. Lakini kuna mstari. Kumwombea mtoto, naye akiwa amekubali, ni jambo moja. Kumlazimisha kufunga chakula, kumkesheza akipigiwa kelele za kutoa pepo, kumpeleka kwa mganga, kumfungia, kumchapa ili "awe mwanamume", kumwoza ili "atulie": huo ni ukatili, na Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya kinamlinda mtoto dhidi ya dhuluma, mila zenye madhara na aina zote za ukatili. Hakuna ushahidi kwamba njia hizo hubadilisha jinsia mtu anayojijua nayo. Zinachobadilisha ni imani yake kwako.

Ukihitaji kiongozi wa dini wa kuongea naye, mpime kwanza. Muulize kwa ujumla, bila kutaja mtoto wako, kama jambo la mtu mwingine. Jibu lake la kwanza litakuonyesha kama ni mtu wa kubeba siri au wa kuipeleka mimbari.

Hatua ya 6: Shule

Hapa ndipo watoto wengi huanguka, na hasa bweni. Shule ya bweni ina bafu la pamoja, chumba cha kulala watu arobaini, msako wa masanduku, na usiku mrefu usio na mzazi. Kama kuna uwezekano wowote, chagua shule ya kutwa. Watu watauliza kwa nini umekataa nafasi ya shule yenye jina; sema ni sababu za kiafya na uishie hapo. Mtoto mwenye alama ya B anayelala kwako ni bora kuliko mwenye nafasi ya kitaifa anayeishi kila siku kwa hofu.

Akilazimika kukaa bweni, nenda ukaone mwenyewe vyoo, bafu na vitanda, na umjue matroni kwa jina. Namba ya simu ya nyumbani awe nayo mtu wa shule unayemwamini.

Kabla ya kuongea na mwalimu yeyote, kubaliana na mtoto nini kitasemwa. Mara nyingi si lazima kutaja neno transjenda. Unaweza kumwambia mwalimu wa ushauri nasaha kwamba mtoto anaonewa kwa namna anavyotembea au kuongea, na kudai hatua. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inakataza adhabu ya viboko na kumnyanyasa mwanafunzi kiakili, na hiyo inamhusu mwanafunzi yeyote. Omba mambo madogo yanayowezekana: choo chenye faragha, ruhusa ya kubadilisha nguo za michezo peke yake, sweta au suruali pale sare inaporuhusu, na kuitwa kwa jina la ukoo badala ya jina la kwanza.

Andika kila tukio: tarehe, nani, alisema nini. Mwalimu mkuu akitaka "umchukue mtoto apumzike nyumbani kwanza", omba barua. Shule nyingi husita zikiombwa kuandika. Wakishikilia, ofisi ya mkurugenzi wa elimu wa kaunti na afisa wa watoto ndizo njia zinazofuata.

Hatua ya 7: Mwili na balehe

Kwa mtoto ambaye hajabalehe hakuna dawa yoyote inayotolewa. Yeyote anayekuuzia kidonge au sindano kwa mtoto wa miaka minane ni tapeli, muondoe.

Balehe ndiyo saa ngumu. Hedhi ya kwanza au sauti inayovunjika inaweza kumfanya mtoto aliyekuwa mchangamfu ajifungie wiki nzima. Mambo ya kawaida husaidia: pedi ziwekwe mahali anapozipata bila kuomba mbele ya watu, nguo za ndani anazozivumilia, wembe na mafunzo ya kunyoa kwa anayehitaji. Kijana anayeficha kifua chake mwambie asitumie bandeji wala utepe wa gundi. Hubana mbavu na kuzuia pumzi. Sidiria ya michezo inayomtosha vizuri na fulana pana ni salama zaidi, na asilale akiwa amejibana.

Kuhusu dawa za kusimamisha balehe na homoni, utasikia kelele pande zote. Nchi zenyewe hazikubaliani. Uingereza, baada ya ripoti ya daktari Hilary Cass ya Aprili 2024, imezuia dawa za kusimamisha balehe kwa walio chini ya miaka 18 nje ya utafiti. Marekani, majimbo mengi yamepiga marufuku tiba hizi kwa watoto, na Juni 2025 Mahakama ya Juu iliiacha sheria ya Tennessee isimame, ilhali vyama vikubwa vya madaktari huko viliipinga marufuku hiyo. Kwa mzazi wa Kenya funzo la kivitendo ni hili: hakuna uamuzi wa dawa unaofanywa bila daktari bingwa wa homoni na mtaalamu wa afya ya akili wanaomjua mtoto. Hatari kubwa zaidi ni kijana kununua homoni mwenyewe mtandaoni au dukani, bila vipimo. Atakuambia kama amezipata endapo tu anajua hutalipuka.

Ukitafuta mshauri, muulize kabla ya kulipa: "Lengo lako litakuwa kumbadilisha mtoto au kumsaidia?" Akijibu la kwanza, aga.

Hatua ya 8: Dalili za hatari

Asipolala, asipokula, akigawa vitu vyake anavyovipenda, akijikatakata, akisema mngekuwa heri bila yeye, muulize moja kwa moja: "Umewahi kufikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo, linampa ruhusa ya kuongea. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa au fungia dawa za panya, za wadudu na vidonge vyote nyumbani, na umpeleke hospitali. Kenya namba 116 ya kuwasaidia watoto ni ya bure na hupokelewa saa 24. Tanzania na Uganda hutumia 116 hiyohiyo kwa huduma zao za watoto. Unapopiga, eleza hatari iliyopo. Si lazima ueleze jinsia.

Kuna wazazi waliowahi kuficha jaribio la mtoto kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitangaza kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Mpeleke hospitali.

Walioko nje ya Kenya

Kanuni ya siri inazidi uzito Uganda, ambako sheria ya mwaka 2023 dhidi ya ushoga ilibakishwa kwa sehemu kubwa na Mahakama ya Katiba Aprili 2024, na majirani hawatofautishi transjenda na shoga. Tanzania nako, jambo likifika kwa mjumbe wa mtaa, huwezi tena kulisimamia. Anzeni na hatua ya 3, ndani ya nyumba, na mshauriane na watu wachache sana.

Familia za Kiswahili zilizo Marekani, Kanada na Ulaya zina tatizo jingine: mtoto anajua maneno ya shule, mzazi anajua maneno ya nyumbani, na katikati anakaa mtoto mkalimani. Usimfanye mtoto akutafsirie kwa daktari au mwalimu mambo yanayomhusu yeye mwenyewe. Omba mkalimani, na kama mji wenu ni mdogo, omba wa simu kutoka mji mwingine, ili habari isifike kanisani kabla yako. Na kumrudisha mtoto Afrika kwa nguvu "akanyooshwe" humtenga na kila anayeweza kumsaidia. Nchi kadhaa pia hulichukulia kama kosa la kumdhuru mtoto.

Hatua ya 9: Karatasi

Nchini Kenya, jina la mtoto linaweza kubadilishwa kisheria kupitia wakili, kwa hati inayosajiliwa na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Fanyeni hivyo mapema kabla ya usajili wa mitihani ya kitaifa, kwa kuwa jina litakalosajiliwa ndilo litakalokaa kwenye cheti. Kubadilisha baadaye kunawezekana, lakini kwa jasho: Audrey Mbugua, mwanamke transjenda wa Kenya, alilazimika kulishtaki Baraza la Mitihani la Kenya, na Oktoba 2014 Mahakama Kuu ikaagiza cheti chake kitolewe upya kwa jina lake na bila alama ya jinsia. Hukumu hiyo bado ndiyo nguzo ambayo mawakili huitumia, kwa hiyo mtajie wakili wako.

Alama ya jinsia kwenye kitambulisho ni suala gumu zaidi na halina njia nyepesi. Kijana anapokaribia miaka 18, mwandalie bahasha moja: nakala za cheti cha kuzaliwa, hati ya jina, matokeo ya mitihani, barua za daktari kama zipo, na barua yako wewe mzazi, iliyotiwa sahihi, inayosema kwamba mwenye majina haya yote mawili ni mtu mmoja na ni mwanao. Akizuiwa kwenye usajili wa chuo, benki au kazini, karatasi hiyo ya mwisho ataitoa kwanza.